Dada Alipokataa Kupasuliwa

Harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka hunirudisha jikoni kwetu, kijijini Didia. Dada yangu alikuwa na kifafa, na daktari alisema akipasuliwa ubongo katika hospitali ya mbali, huenda akapona. Baba alimwachia aamue. Akiwa anachochea kuni, dada aliniuliza, "Mdogo wangu, nikubali?"

"Wakikufungua kichwa utarudi chizi. Nani atakuoa?"

Alicheka. "Kwani sasa hivi wamepanga foleni?"

Sikujua lolote kuhusu upasuaji. Nilijua tu kwamba akiondoka, madumu ya maji ya kisimani ningeyabeba mimi.

Asubuhi alimwambia baba kwamba haendi. Kabla ya mavuno, kifafa kilimwangusha kisimani, akafa maji.

Msibani baba aliwaambia watu, "Alikataa mwenyewe." Nilikuwa nimeketi miguuni pake; nikainuka, nikachukua madumu ya maji.