Ndevu Nyeupe Kupita Kiasi

Nichekeni tu, lakini wa kulaumiwa ni lile somo la maigizo chuoni. Ni la lazima, usipolifaulu, huhitimu. Mhadhiri wetu hutuma waigizaji watujaribu popote, hata majumbani. Mwezi uliopita mama mmoja alianguka mbele yangu kwenye geti la chuo, nikalia kwa kwikwi, kumbe anaigiza! Darasa zima likanicheka. Tangu hapo simwamini mtu.

Juzi narudi nyumbani Bagamoyo, namkuta barazani mzee wa kanzu, ndevu nyeupe kama pamba ya dukani. Nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Tumeona ua zuri nyumba hii, tumekuja kubisha hodi."

Maneno ya kukariri hayo! Tena Idrisa wangu alishaniambia wazee wake wa Mbegani watakuja kuposa mwezi ujao. Huyu katoka wapi?

"Mzee, unaigiza vizuri," nikamwambia, "ila kwenye ndevu umezidisha."

Nikazishika, nikavuta. Hazikutoka. Nikavuta tena, kwa mikono miwili.

Baba akatokea mlangoni na birika la kahawa.

"Mwanaidi! Mwachie baba yake Idrisa ndevu zake!"