Mshairi Mwestonia wa Mundika

Nilimjua akiwa tayari mzee. Alikuja shuleni kwetu Amagoro, nilikokuwa nikifundisha Kiswahili, akasimama mlangoni mwa ofisi ya walimu na karatasi mkononi. Wanafunzi walidhani ni mtawa. Akanieleza kwamba yeye ni mshairi, Mwestonia, kutoka nchi ndogo ya baridi inayopakana na Urusi, na kwamba ni mjane wa daktari wa mifugo wa Mundika. Kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu mwingine.

"Mwalimu, theluji ikikanyagwa, kwa Kiswahili inalia vipi?"

Nikamwambia sisi hatujawahi kuikanyaga.

"Basi tutafute," akasema, akavuta kiti.

Kwa miaka sita, kila Jumamosi, nilitoka kwangu Burumba nikaenda Mundika. Alinisomea shairi kwa Kiestonia, polepole, kisha akanifafanulia neno moja moja kwa Kiswahili chake cha sokoni kilichochanganyika na Kiluhya, nami nikaandika tafsiri kwenye daftari. Maisha yake niliyapata humo humo, vipande vipande.

Alikuwa na miaka sita wanajeshi wa Kisovieti, waliokuwa wameiteka nchi yao, walipofika kwao alfajiri. Baba yake walikuwa wameshamchukua. Yeye na mama yake walipakiwa kwenye behewa la mizigo, wakapelekwa Siberia, na mama akafia huko. Alirudi kwao msichana mkubwa, akalelewa na shangazi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka akiwa chuoni, lakini kila shairi lililotaja behewa lilikuwa limeondolewa na maafisa wa serikali ya Kisovieti. Cha pili kilikataliwa chote.

"Waliniambia niandike habari za matrekta," alinisimulia. "Nikaandika. Trekta langu lilikuwa linachimba makaburi."

Baada ya hapo hakuna aliyemchapisha tena. Alikutana na mumewe Leningrad, mji wa Urusi, kijana wa Mundika aliyepelekwa huko kusomea udaktari wa mifugo, naye akamfuata mumewe huku. Alifuga kuku, akauza mayai soko la Busia, akamzika mtoto wake wa pekee aliyeuawa na malaria, na miaka yote hiyo akaendelea kuandika kwa lugha ambayo hapa hakuna aliyeweza kuisoma. Hata mumewe hakuijua; wao walizungumza Kirusi. Mume alipokufa, Kirusi nacho kikakosa wa kuzungumza naye.

Siku moja nilimuuliza kama hakuchoka kuandika vitu ambavyo hakuna wa kuvisoma. Nilitegemea jibu la kishairi.

"Nilichoka sana," akasema, akageuza ukurasa.

Halafu asubuhi moja nikapigiwa simu na shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyeishi boma la jirani. "Mwalimu, njoo hospitali. Mama amepooza upande mmoja, na anaongea vitu hatuelewi."

Nilimkuta amelala chali, mdomo umepinda, macho yake ni yale yale. Nilimsalimia kwa Kiswahili, hakunielewa. Shemeji akajaribu Kiluhya. Muuguzi akajaribu Kiingereza. Vyote vilikuwa vimefutika. Muuguzi akatuambia kiharusi kinaweza kumnyang'anya mtu lugha alizojifunza ukubwani, kikamwachia ile ya utotoni.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mtu pekee Busia mwenye maneno machache ya Kiestonia, na maneno hayo nilikuwa nimeyapata kwenye mashairi. Nilijua theluji, behewa, mkate, mama, mbwa mwitu. Sikujua kuuliza "una kiu?" wala "unaumwa wapi?" Nilishika mkono wake mzima nikamwambia, "Leib." Mkate. Nikamwambia, "Ema." Mama. Alinitazama, machozi yakamtoka, na mimi nikanyamaza kwa sababu sikujua kama nimemfariji au nimemuumiza.

Siku mbili alirudia neno moja. "Aken," akisema kwa shida. "Aken." Muuguzi alimsogezea simu ili imtafsirie, lakini kwa ule mdomo uliopinda simu ikatoa upuuzi. Shemeji akanivuta koridoni.

"Huyu Aken ni nani? Alikuwa na mwanaume kule kwao?"

"Sijui, mzee."

"Miaka hii yote kaka yangu amelala kaburini, na sasa anaita mtu mwingine?"

Nilimwambia asiseme hivyo. Lakini ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nimeanza kufikiri hivyo, na niliona wivu kwamba alikuwa amenificha.

Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwake nikapekua barua zake hadi nikapata namba ya mjukuu wa shangazi yake huko Estonia, mwanamke aliyekuwa akimwandikia mara kwa mara. Nilimpigia kwa Kiingereza, nikamweleza, kisha nikaweka simu karibu na mdomo wa mgonjwa. Alisema lile neno. Halafu yule mwanamke akaniambia:

"Anaomba dirisha. Anataka mfungue dirisha."

Dirisha lilikuwa juu ya kichwa chake. Lilikuwa limefungwa kwa ajili ya vumbi la malori yanayopanga foleni ya mpakani. Nililifungua kwa mikono yangu. Vumbi likaingia, na moshi wa dizeli. Alifumba macho, na hakulitaja tena neno hilo. Shemeji yake alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi.

Aliishi siku nane zaidi. Kila alasiri yule mwanamke alipiga simu akazungumza naye, na mimi nilishika simu bila kuelewa lolote. Siku ya mwisho alizungumza kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mbona hajibu?" Nikamtazama. Sijui ni kwa muda gani tulikuwa tukizungumza na maiti.

Tulimzika Mundika, kati ya mumewe na mtoto wake. Nilisoma tafsiri ya shairi la behewa, na nilipomaliza mama mmoja akauliza kama hakuna lenye jina la Yesu.

Mwaka uliofuata kwao walichapisha mashairi yake yote, pamoja na yale yaliyokatwa. Nililetewa nakala moja. Wanasema huko anasifiwa sana. Tafsiri zangu nilizipeleka kwa wachapishaji wawili Nairobi. Mmoja hakujibu, wa pili akasema mashairi hayauziki yasipokuwa ya kutahiniwa shuleni.

Mwezi uliopita shemeji yake alikuja kwangu Burumba. Alikishika kitabu kwa muda, akatazama picha yake ya ujana, kisha akaniuliza kama kuna shairi linalomhusu kaka yake.

Nilikuwa nimeyapitia yote na mshairi mwenyewe. Kuna ya mama yake, kuna ya mtoto, kuna hata la kuku. La mumewe halimo.

"Bado sijamaliza kutafsiri, mzee," nikamwambia.