Barakoa Kumi na Nne

Katika kazi ya kupeleka watu kutazama milima inayotema moto, kuna wa mbele na kuna wa nyuma. Wa mbele ndiye anayepigwa picha na kuulizwa maswali, na ndiye anayewaonyesha watu ule uji wa moto ndani ya kasoko, shimo la kileleni, utadhani ameuchemsha mwenyewe. Wa nyuma kazi yake ni moja tu: asibaki mtu nyuma yake. Mama mmoja mnene kidogo, mwenye magoti yanayolia kila akichuchumaa, alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Mkia, na mumewe naye akazoea. Wa mbele alikuwa mdogo wake wa kiume, baba mmoja mama mmoja, kijana wa maneno mengi na miguu mirefu.

Mkia hakuwa na tabia ya kuhesabu watu. Alihesabu barakoa. Kule ukingoni moshi wa kiberiti hauna mchezo, kwa hiyo kila mgeni alipewa barakoa ya gesi kwenye banda la chini, na akishuka aliirudisha kwenye kreti la plastiki pale pale. Watu hubadilishana kofia, huazimana makoti, na majivu yakishawakolea usoni wote hufanana kama wauza mkaa. Lakini hakuna anayetamani kukaa na barakoa hata dakika moja ya ziada, maana inabana na inanuka jasho la waliotangulia. Barakoa zikitimia, basi watu wametimia. Njia hiyo haikuwahi kumwangusha, na kila mfanyakazi mpya alihubiriwa habari zake mpaka akachoka.

Kundi la siku hiyo lilikuwa la wastaafu kumi na nne, waliokuwa mapumzikoni siku tano kuzunguka volkano tatu, na hii ilikuwa ya mwisho. Walikuja wawili wawili, mke na mume, shoga na shoga yake, na ndugu watatu wa familia moja. Aliyekuwa peke yake ni mzee mmoja fundi cherehani, mpole mpaka unamsahau. Alifiwa na mkewe mwaka uliopita, na binti zake ndio waliomsukuma atoke akatembee, aache kutazamana na ukuta. Alikuwa na utepe wake wa kupimia mfukoni, na kila jiwe jeusi la ajabu alilipima kimya kimya, asimwambie mtu amepata ngapi.

Walipanda salama, wakauona moto, wakapiga kelele za furaha kama watoto. Balaa lilianza wakati wa kushuka. Mkanda wa barakoa ya nesi mmoja mstaafu ulikatika, Mkia akasimama naye pembeni, akamvalisha ile moja ya akiba aliyokuwa ameibeba mgongoni. Wakiwa bado wanakazana na mikanda, redio ya mkononi ikakoroma. Alikuwa mdogo wake.

"Dada, teremkeni upesi! Upepo umegeuka, moshi unakuja njiani."

Wakateremka mbio mbio, nesi mbele, Mkia nyuma, hakuna kutazama kushoto wala kulia. Bandani Mkia alihesabu barakoa za kwenye kreti mara mbili kama kawaida yake. Kumi na nne. Akapiga kofi ubavuni mwa basi, na dereva akawasha injini.

"Mama," nesi, aliyekwisha kuketi, akamwambia Mkia alipokuwa anapanda, "ile mbovu nimeitia humo humo kwenye kreti. Msije mkampa mtu mwingine akadhurika."

Mkia alimpa dereva ishara ya kusubiri. Nesi amerudisha mbili. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa alihesabu nyuso, kiti kwa kiti, akapata kumi na tatu. Kiti cha nyuma kabisa kilikuwa na koti tu.

"Ngoja moshi upungue, dada," mdogo wake alisema.

"Chujio la barakoa yake lina nusu saa tu, wewe unaniambia ningoje?"

"Basi niende mimi, nina mbio."

"Wewe ni wa mbele. Aliyeachwa nyuma ni wangu mimi."

Akavaa barakoa yake, akapanda mlima tena. Magoti yalilia, akayatukana. Kisha akajitukana mwenyewe, matusi mazito zaidi. Moshi ulikuwa wa manjano, mzito, mkono wake mwenyewe aliuona kwa shida. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Kwenye kona ya mawe makubwa, si mbali na pale mkanda ulipokatika, akaona kitu chembamba kinapepea. Ni utepe wa kupimia, umefungwa kwenye fimbo, na fimbo imechomekwa kwenye majivu. Chini yake mzee ameketi, ameegemea jiwe, barakoa usoni. Akainua mkono.

"Umeumia, baba?"

"Hapana, mama. Nilikwenda kujisaidia nyuma ya mawe, nikaona haya kuaga. Kutoka, njia siioni. Nikajisemea nitulie tu, yule mama wa nyuma hawezi kuondoka bila mimi."

Mkia alikaa chini kwenye majivu. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Lakini maneno yale yalimchoma.

"Baba, nilikuwa nimeshaondoka. Nilihesabu barakoa, sikuhesabu watu. Gari lilishawashwa, na mimi sijui kama hupo."

Mzee alipangusa majivu gotini.

"Nani aliniulizia?"

"Hakuna. Nesi alitaja barakoa mbovu, ndipo nikashtuka."

"Hakuna," mzee akarudia polepole. Akautazama utepe wake ukipepea. "Lakini umepanda tena."

"Nimepanda."

"Na magoti hayo! Nimeyasikia kabla sijakuona." Akaanza kucheka ndani ya barakoa, mabega yakimtikisika. Mkia naye akacheka, akalia, mpaka vioo vya barakoa yake vikaingia ukungu na ikabidi mzee ndiye amwonyeshe jiwe la kukanyaga.

Walishuka wameshikana mikono. Chini ya kona ya tatu hewa ilisafika, wakavua barakoa, wakavuta pumzi kama waliotoka kisimani. Wale kumi na tatu walikuwa wameteremka wote kutoka kwenye basi, wamesimama barabarani. Walipowaona wakapiga vigelegele. Mdogo wake Mkia alichuchumaa chini akafunika uso kwa viganja.

Nesi aliwawahi wa kwanza.

"Mwachie mkono, mama, nimpime mapigo ya moyo."

"Mpime huo mwingine," Mkia akamjibu. "Huu ninao mimi."