Vifuniko vya Vioo Vinavyopiga Mluzi

"…na gari limezimwa, jamani, ufunguo huu hapa mkononi, na bado kifuniko chako kinapiga mluzi!"

Dereva wa teksi ameegemea mlango wa karakana. Ni saa nne asubuhi, jua kali, hakuna upepo hata wa kutikisa nguo kwenye kamba. Ndani, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mtaa mzima unamwita Mama Upepo, anaendelea kusugua msasa.

"Upande gani?" anauliza.

"Kushoto. Mara tatu. Wa mwisho unapanda."

Msasa unasimama.

Subirini, habari hii ina mwanzo wake. Mama Upepo anatengeneza kwa mkono vifuniko vya vioo vya pembeni vya magari, vyenye umbo la tone la maji, vya kukata upepo ili gari lisivume wala lisinywe mafuta ovyo. Anatandika kitambaa cha faibaglasi juu ya kalibu ya plasta yenye umbo la kifuniko, anapaka gundi, anaanika, anabandua. Kisha anabandika nyuzi za sufi juu ya kifuniko na gari linaingia barabarani. Nyuzi zikilala, upepo umekubali. Zikicheza, kazi irudiwe.

"Walinicheka mpaka basi," anasema. "Jirani aliniuliza, shoga, kofia umeshalivisha, soksi utalishonea lini?"

Kazi aliianzisha mumewe, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Ndiye aliyeunda kalibu ile, akaishika kabla haijakauka, kidole gumba kikaacha kishimo upande wa kushoto. Hakukiziba. Basi kila kifuniko cha kushoto kinazaliwa na kishimo hicho, na gari likikimbia kinapiga mluzi mara tatu, wa mwisho ukipanda. Hivyohivyo ndivyo marehemu alivyopiga getini kila aliporudi nyumbani.

"Ni hewa inapita kwenye kishimo," Mama Upepo anasema. "Hakuna maajabu."

Sawa. Lakini gari lililozimwa, juani, linapitiwa na hewa gani?

Na mambo yamembana. Miezi miwili hajauza hata jozi moja. Sasa kampuni ya teksi inataka vifuniko vya magari ishirini, kwa sharti moja: visitoe sauti. Kesho saa mbili msimamizi wao anakuja kujaribu gari la dereva huyu. Mluzi ukisikika, oda inakwenda kwingine na karakana inafungwa. Kwa hiyo kishimo kizibwe leo.

Tatizo ni mama mkwe. Amekaa kwenye kigoda tangu asubuhi, kaipakata kalibu kama mtoto mchanga.

"Mama, nipe nifanye kazi."

"Unataka kumziba mwanangu mdomo."

"Mama, hiyo ni plasta."

"Plasta inajua saa? Jana magari matatu yalisimama hapo nje, yote yamezimwa. Yakapiga mluzi kwa pamoja. Saa kumi na moja na robo. Mumeo alikuwa anarudi saa ngapi?"

Mama Upepo anakung'uta vumbi la msasa mikononi.

Dereva anakohoa. "Mimi nitolewe changu tu. Abiria wa jana alishuka njiani, na chenji hakudai."

Mama Upepo anapiga magoti mbele ya mkwewe. "Karakana ikifungwa, mama, tutakula mluzi?"

Mama mkwe anaifuta kalibu kwa upindo wa khanga. Halafu anaachia kalibu.

Mama Upepo anachota puti kwa ncha ya kisu. Kabla ya kuziba, anatia kidole chake kwenye kishimo, na anakiacha humo.

"Kina joto," anasema polepole. Lakini kalibu imekaa kivulini tangu asubuhi.

Anakiziba.

Alasiri, kifuniko kipya, laini kama yai, kiko kwenye gari. Oda ikipita, Mama Upepo atanunua mashine ya kupulizia rangi na kukodi chumba cha pili. Ila kupanda gari hilo kesho, asikilize likijaribiwa, hawezi. "Kikipiga, nimekosa kazi," anasema. "Kikinyamaza, nitarudije humu ndani bila yeye?"

Mama mkwe anajifunga khanga kiunoni.

"Utabaki hapa. Nitapanda mimi, upande wa kushoto, dirisha wazi. Usimuulize dereva, usimuulize msimamizi. Kesho nikishuka, nitakwambia mimi mwenyewe kama mwanangu amesema kitu."