Darasa Lililoitikia Nusu ya Sentensi

Jamani, nilishtakiwa kwa kosa lile lile nililokuwa nikilifundisha. Chekeni tu, mimi mwenyewe imenichukua miaka kulicheka.

Ilikuwa wakati wa Vita vya Pili, nami ni mwalimu kijana wa skuli huko Kengeja, kanzu imepigwa pasi na kichwa kimejaa hewa. Mchele wa meli ulikuwa hauonekani, tunakula muhogo asubuhi na muhogo jioni, na serikali ikatoa amri kwamba anayeeneza uvumi atapelekwa mahkamani. Walimu tukaambiwa tuwafundishe watoto. Ningeisoma amri kama ilivyoandikwa yangeishia hapo, lakini nilitaka kunogesha, nikaona nitoe mfano.

Sasa mnajua tulivyozoea (tangu chuoni kwa Kurani): mwalimu akisema kisha akinyamaza, darasa zima huitikia kwa sauti. Nikaanza, "Ni marufuku kusema..." vumbi la chaki likanipalia, nikakohoa weee, na nilipopata pumzi nikamalizia, "...meli ya mchele imezama!" Watoto arubaini wakaitikia kile kipande cha mwisho, tena kwa raha zao. Na mimi, badala ya kuwanyamazisha, nikawaambia warudie mara ya pili kwa sababu safu ya nyuma ilikuwa imezubaa!

Mwanafunzi wangu mmoja, Kombo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, na kama ntu hakukusudia ubaya?"

"Wakati wa vita mahkama haiulizi nia," nikamjibu kwa ukali (wala sikuwa na hakika). "Neno likitoka limetoka. Kaa chini."

Kumbe nje alikuwa akipita jirani yetu Bi Mize na kapu lake la muhogo, akakidaka kile kipande na kwenda nacho mtaani. Kufika adhuhuri duka la Mhindi limezingirwa, mlango umeng'oka, na mwenye duka yuko juu ya meza anaapa kwamba hana hata punje ya mchele. Askari akaja kunichukua mbele ya darasa, chaki ingali mkononi.

Kesho yake nikasimamishwa kwa Mudir, mkubwa wa wilaya yetu, na nilijua nikipatikana na hatia kazi imekwenda na jela inaningoja. Bi Mize akaulizwa alichosikia. "Mie nnasikia meli ya nchele imezama, bwana. Jengine sikulisikia." Akaitwa Kombo. Akaeleza yote, mpaka kikohozi changu akakiigiza, nami nikaanza kupumua, kisha akaongeza, "Lakini bwana, mwalimu katwambia mahkama ya vita haimuulizi ntu nia yake."

Watu wakaangua kicheko. Mudir akavua miwani.

"Ndivyo, mwalimu? Basi nisikuulize?"

"Niulize, bwana," nikasema. "Tafadhali niulize."

Akaniuliza. Nikasema mpaka kanzu ikanigandama mwilini, naye akasikiliza mpaka mwisho, akaniachia kwa onyo. Nikadhani yamekwisha, lakini Bi Mize alikuwa hajaketi.

"Na sie tuulizeni, bwana. Siku zote hizi hatuuoni nchele, na hakuna aliyetwambia kwa nini. Ingekuwa twaambiwa kweli, tungelikimbilia makelele ya watoto?"

Mudir alivaa miwani yake akainamia makaratasi, nami niliyetoka kuomba niulizwe nikatazama vidole vya miguu yangu.

Niliporudi darasani nilimwambia Kombo mbele ya wenzake kwamba aliuliza vizuri na mimi nilimjibu vibaya, nikaapa nisimkalishe tena mtoto kwa swali lake, na kiapo hicho nimekishika. Nikaandika ubaoni: *Mshitakiwa aulizwe kabla ya kuhukumiwa.* Wakaitikia, safari hii sentensi nzima. Swali la Bi Mize sikuliandika. Niliogopa, jamani, na hiyo ndiyo aibu yangu mpaka leo, si kile kikohozi.