Mlima Alioupita Usingizini

Walimwita Mama Ramani, kwa sababu hakupeleka kundi la waendesha baiskeli kwenye njia ambayo hakuitangulia mwenyewe kwa kukanyaga pedali. Gari ni mwongo, alisema. Halijui uchungu wa kilima. Mwaka huu goti lilimsumbua, akakubali kuikagua njia kwa gari la shemeji yake, na njiani akasinzia.

Sasa alikuwa katika ukumbi wa shule ambamo kundi lingelala. Magodoro yalishatandikwa, jua linazama, na hakuna aliyetokea.

"Shemeji, pale nilipolala palikuwaje?"

"Mlima. Hata gari lilikohoa."

"Na hukuniamsha?"

"Ulikoroma vizuri, nikakuonea huruma."

Akaenda mlangoni kuchungulia barabara. Kituo cha mwisho cha maji alikipanga mbali kabla ya mlima huo, na kundini alikuwemo mwalimu mstaafu ambaye mkewe alimkabidhi kwake kwa mkono.

Kengele ya baiskeli ikalia getini. Waliingia wakikokota baiskeli, vumbi hadi kwenye kope, mwalimu akiwa mbele.

"Mama Ramani, mlima wako tumeukataa. Tumeshuka, tukatembea."

Akawahesabu kwa macho, wote wapo, ndipo pumzi ikamrudi. "Sikuuona. Nilikuwa nimelala."

"Basi tumeuona kwa niaba yako. Leta maji."

Wakacheka, naye akacheka hadi machozi. Lakini uzembe haufutiki kwa sababu watu wamesalimika. Asubuhi alifunga goti kitambaa, akachukua baiskeli ya akiba, akaitangulia njia ya siku hiyo. Shemeji alifuata na gari polepole, amekatazwa kumpita.