Dada Yangu Alikuwa Akijibu Email Zangu Bila Mimi Kujua

Admin, ficha jina langu. Wale wa kwetu Tawa wakinitambua naomba wanyamaze tu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mwalimu wa Kiswahili na historia. Nilipofuka miaka mitano iliyopita kwa presha ya macho, la kushoto likaanza, la kulia likafuata kabla mwaka kuisha. Haya naandika mwenyewe kwa simu inayonisomea kila herufi ninayogusa, kwa hivyo mkipata makosa nivumilieni.

Tangu nipofuke naishi na dada yangu mkubwa. Nitamwita Mwikali, ingawa si jina lake. Mama yetu alikuwa ameshatutoka, na mchumba niliyekuwa naye alipunguza kupiga simu mpaka akaacha. Mwikali ndiye alinichukua. Alikuwa fundi wa nguo pale mjini Salama, akafunga kazi akarudi nyumbani kwa ajili yangu. Alinifundisha kwenda kisimani na kurudi kwa kuhesabu hatua. Hata siku moja hajawahi kunisimanga.

Simu yangu pia yeye ndiye alikuwa akiishika. Nilituma maombi ya kazi shule nyingi, mimi nikisema maneno, yeye akiandika. Kila jioni alinifungulia email. "Ni matangazo tu," angesema. Au, "Hawa nao wanasema nafasi imejaa. Pole, mwiitu wa mwaitu." Ndivyo anavyoniita kwa Kikamba, yaani dada yangu wa tumbo moja. Miaka ikaenda, nikaamini hakuna shule inayotaka mwalimu kipofu.

Mwaka huu mchungaji wetu alinitafutia nafasi ya mafunzo ya wiki tatu huko Kitui. Tulifundishwa kutumia simu yenye programu ya kusoma skrini. Unapitisha kidole, inakutajia kilicho hapo, unagonga mara mbili kufungua. Email ndiyo ilinitoa jasho. Vitufe vingine havina majina, simu inasema tu "kitufe, kitufe", na mara nyingi nilifuta barua nikidhani nafungua. Mwalimu wetu, naye haoni, aliniambia, "Usiogope. Barua haziendi mbali, ingia kwa folda utafute." Akanionyesha folda za zilizopokelewa, zilizofutwa na zilizotumwa.

Niliporudi nyumbani, siku moja Mwikali akiwa sokoni, niliketi kufanya mazoezi. Nikaingia kwa zilizotumwa nisikilize yale maombi yangu ya zamani. Nikasikia barua ambayo mimi sikuitunga. Ilikuwa kwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana upande wa Kiboko. Ilisema, kwa jina langu, kwamba nashukuru kuitwa kwa interview lakini hali yangu hainiruhusu kufanya kazi, na naomba nisitafutwe tena. Nilirudisha kidole, ikasoma vilevile. Chini yake kulikuwa na barua ya mwalimu mkuu: kwamba wana kompyuta inayoongea, na wangenipa chumba ndani ya shule. Hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Nilipekua zaidi nikapata nyingine mbili za shule tofauti, zote zikikataa nafasi kwa jina langu.

Mwikali alirudi. Alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, akaniuliza mbona sili. Nilimwambia tumbo.

Tangu siku hiyo situlii. Nafagia mahali nimefagia. Naenda hadi kwa geti, narudi. Kesho yake nilimwandikia mwalimu mkuu mimi mwenyewe, ikanichukua asubuhi nzima. Nilimweleza kwamba ile barua haikutoka kwangu, na kama bado kuna nafasi, niko tayari. Baada ya siku mbili akanijibu. Mwalimu wao wa Kiswahili anaondoka, nije nianze Alhamisi wiki ijayo.

Hapo nikafanya jambo ambalo sijui kama lilikuwa sawa. Jioni nilimpa Mwikali simu anifungulie email kama kawaida. Nilitaka kumpa nafasi ya kusema ukweli.

"Zima hiyo sauti ya simu, inanichanganya," akasema. Nikaizima. Nikasikia kidole chake kikigonga kioo, kikaacha, kikagonga tena.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Matangazo tu." Kisha polepole, "Wewe hapa umekosa nini?"

"Mbona unaniuliza hivyo?"

"Nauliza tu."

Akanirudishia simu, akaenda jikoni. Nilipowasha sauti, barua ya mwalimu mkuu ilikuwa kwa zilizofutwa. Na barua hiyo ina maneno yangu yote chini yake, yale niliyomwandikia mwalimu mkuu. Kwa hivyo Mwikali anajua kwamba najua, na bado aliifuta.

Niliirudisha, nikajibu kwamba nitakuja. Tangu hapo hajaniomba simu tena. Tunaongea habari za maji na ndengu, basi. Juzi nilimsikia akimwambia jirani uani, "Huyu akienda, mimi nitakuwa nikimwamkia nani?" Nilikuwa nimejaa hasira, lakini maneno hayo yamenikalia kifuani hadi sasa.

Na leo asubuhi nikitoka chumbani, uso wangu umegusana na nguo iliyotundikwa mlangoni, bado ina unyevu. Niliitambua kwa vifungo. Ni ile niliyokuwa nikivaa kufundisha. Ameitoa kwa sanduku akaifua.

Imebaki siku tatu. Nikimsomea zile barua tatu, naogopa nitavunja moyo wa mtu aliyeacha maisha yake kwa ajili yangu. Nikienda kimya, nitakaa Kiboko nikiwa na hii hasira, naye atabaki peke yake na hatia yake. Nyinyi mnaosoma, hasa mliolelewa na dada zenu, niambieni nianzie wapi naye kabla ya Alhamisi. Nifanye nini?